Uundaji wa Istilahi za Protini Unganishwa katika Kiswahili: Mfano wa Protini ya Neu

1.0 Utangulizi

Mfasiri wa maandishi ya utafiti wa saratani huweza kujikuta ameandika sentensi hii: panya waliopandikizwa jeni ya panya walichanjwa kwa protini ya panya. Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi, lakini haimwelezi msomaji ni mnyama yupi aliyepewa nini. Makala haya yanafafanua vyanzo vitatu vya utata huo, kwa kurejelea protini ya Neu, na kupendekeza utaratibu wa kuuondoa.

2.0 Protini ya Neu

Jeni ya neu iligunduliwa katika uvimbe wa mfumo wa neva wa wanyama wa spishi ya Rattus norvegicus, waliofikiwa na kemikali yenye kusababisha saratani wangali tumboni mwa mama zao. Mwaka 1984 jeni hiyo ilihusishwa na protini yenye uzito wa takribani kilodaltoni 185, na mwaka 1985 ukachapishwa mfuatano wa jeni ya binadamu inayolingana nayo, yaani HER2. Protini ya HER2 hukaa kwenye utando wa seli na kupitisha ishara za ukuaji. Katika takribani asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti, hupatikana kwa wingi kupita kiasi.

Hapa ndipo jina la mnyama linapokuwa na uzito. Dawa ya trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hujishikiza kwenye HER2 ya binadamu, lakini haijishikizi kwenye protini ya Neu ya Rattus. Aidha, majaribio mengi ya chanjo hufanywa kwa Mus musculus, mnyama mdogo zaidi wa jenasi nyingine, aliyepandikizwa jeni ya neu ya Rattus. Tafsiri isiyotenganisha spishi hizi humfanya msomaji ashindwe kutathmini matokeo.

3.0 Vyanzo vya utata

Chanzo cha kwanza ni cha kileksika. Neno panya hujumuisha Rattus na Mus kwa pamoja, ilhali Kiingereza kina jina mahususi kwa kila mmoja. Vivumishi vya ukubwa havitoshi, kwani panya mdogo aweza pia kuwa mtoto wa Rattus. Umbo la kipanya nalo hubeba udogishaji, si spishi. Kumwita Rattus buku hakufai pia: panya buku ni jina la Cricetomys, anayefahamika Morogoro kwa kufunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

Chanzo cha pili ni cha kisintaksia, nacho ni kihusishi cha a-unganifu. Mkia wa panya ni sehemu ya mwili wake. Mtego wa panya ni wa kumnasa. Sumu ya panya ni ya kumuua. Je, protini ya panya imetoka kwake, au imekusudiwa apewe? Zaidi ya hayo, protini inayojadiliwa huzalishwa na seli za kiumbe kingine zilizoingizwa jeni ya Rattus. Kilichotoka kwa mnyama huyo ni taarifa ya kijeni, si protini yenyewe.

Chanzo cha tatu ni cha kimofolojia. Kirai protini iliyounganishwa upya huifanya protini kuwa ndiyo iliyounganishwa, ilhali kilichokatwa na kuunganishwa ni DNA. Umbo la unganishi nalo lina maana ya utendaji, kama katika kiunganishi: ni chenye kuunganisha. Umbo linalofaa ni la kutendwa, unganishwa, kwa kufuata mkondo wa lengwa katika hadhira lengwa.

4.0 Pendekezo

Inapendekezwa kwamba neno panya libaki kuwa jina la jumla, na majina ya jenasi yatoholewe kuwa vibainishi: panya rati kwa Rattus na panya musi kwa Mus. Asili ya protini itajwe kwa kirai yenye asili ya, ili a-unganifu isibebeshwe mzigo isioumudu. Hivyo, istilahi kamili inapotajwa mara ya kwanza iwe protini ya Neu yenye asili ya panya rati, itokanayo na DNA unganishwa. Baadaye ifupishwe kuwa Neu-rati unganishwa. Katika ufupisho huo, unganishwa husomwa kwa kurejelea umbo refu lililotangulia.

Kwa utaratibu huu, sentensi ya mwanzo itasomeka: panya musi waliopandikizwa jeni ya neu ya panya rati walichanjwa kwa Neu-rati unganishwa.

5.0 Hitimisho

Mfano huu unaonesha kuwa kutohoa neno moja la kigeni hakutoshi. Mwanaistilahi hana budi kuchunguza pia muundo ambamo neno hilo litatumika, kwa kuwa utata waweza kuzaliwa na viambajengo ambavyo kila mzungumzaji huvitumia bila shida katika mazungumzo ya kila siku. Vibainishi vilivyopendekezwa vinahitaji kujaribiwa kwa wasomaji wa fani ya tiba kabla ya kusanifishwa.