Kamba ya Ubao Katika Mchezo wa Tiara Baharini: Kinga au Hatari?

Msomaji aliyewahi kufika Paje au Jambiani, katika pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa kusi au wa kaskazi, bila shaka ameona tiara kubwa za rangi mbalimbali zikielea juu ya bahari, na chini ya kila tiara mtu akiteleza juu ya maji kwa ubao. Huko Diani, kusini ya Mombasa, mandhari ni hayo hayo. Mchezo huu ulipata msingi wake muhimu mwaka 1984, pale ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walipoandikisha hataza ya tiara yenye mirija ya kujazwa hewa, ambayo ikianguka majini haizami na huweza kurushwa tena. Ulianza kuenea duniani mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo vijana wa pwani yetu ni miongoni mwa wanaoucheza na kuufundisha.

Ubao wa mchezo huu haukufungwa miguuni. Mchezaji hupachika nyayo zake katika mikanda iliyo wazi, na anapoanguka ubao humtoka. Hivyo swali hili huja lenyewe: kwa nini asiufunge mwilini mwake kwa kamba, usimpotee? Shauri hilo laonekana kuwa la busara, lakini walimu wengi wa mchezo huu huwakataza wanafunzi wao kulifuata. Katika makala haya tutaonyesha, kwa kutumia fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari, kwamba katazo hilo lina msingi imara.

Kamba mbili zisichanganywe

Kwanza yafaa tutofautishe kamba mbili. Ipo kamba ya usalama ya tiara, nayo ni ya lazima. Kamba hii huunganisha mkanda wa kiunoni wa mchezaji na uzi mmoja tu wa tiara. Hatari inapotokea, mchezaji husukuma kifyatuo, mpini wa kuongozea humtoka, na tiara hubaki ikining'inia kwa uzi huo mmoja. Hapo hupoteza umbo lake na kuacha kuvuta. Kwa maneno mengine, kamba hiyo huondoa nguvu katika mfumo mzima. Kamba tunayoizungumzia hapa ni ile inayofunga ubao kwenye mwili, na kazi yake, kama tutakavyoona, ni kinyume kabisa: huweka akiba ya nishati.

Kani mbili na mtu katikati

Tuchukue mchezaji aliyeanguka huku ubao ukiwa umefungwa kiunoni mwake kwa kamba ya mpira. Kani mbili zinafanya kazi. Tiara, yenye eneo la meta za mraba 7 hadi 12, yaendelea kumvuta upande wa demani, yaani kule upepo unakokwenda. Nyuma yake, upande wa joshi, ubao umelala ndani ya maji nao unakataa kwenda.

Ukinzani huo wa maji ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ubao wa kawaida una urefu wa karibu meta 1.4 na upana wa karibu meta 0.4, yaani eneo la meta za mraba 0.55 hivi. Ukikingama na kuburutwa kwa kasi ya meta 1 tu kwa sekunde, ambayo ni pungufu ya kasi ya mtu anayetembea, maji huuzuia kwa kani ya Nyutoni 300 hivi. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 30. Tena ukinzani huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikizidi mara mbili, kani huzidi mara nne. Katika hali hii ubao ni nanga, na kamba hutanuka.

Hali hiyo haidumu. Wimbi dogo huunyanyua ubao, au ubao wenyewe hugeuka na kuyaelekezea maji ukingo wake mwembamba. Ghafla ukinzani hutoweka. Kila mtoto aliyewahi kuwinda ndege kwa manati anajua kinachofuata mpira uliovutwa unapoachiwa. Tofauti ni kwamba hapa jiwe ni ubao, na shabaha ni yule aliyeishika manati.

Hesabu yenyewe

Tuseme kamba hiyo huhitaji kani ya Nyutoni 200 ili irefuke kwa meta 1. Kwa mujibu wa kanuni ya Hooke, kani ya Nyutoni 300 itairefusha kwa meta 1.5. Nishati iliyohifadhiwa ni nusu ya zao la kani hiyo na mrefuko huo:

½ × 300 × 1.5 = Jouli 225.

Ubao una tungamo la kilo 3 hivi. Kama nishati yote ingegeuka kuwa nishati ya mwendo, basi ½ × 3 × v² = 225, na kasi v ingekuwa karibu meta 12 kwa sekunde, yaani kilometa 44 kwa saa. Kwa kulinganisha, hiyo ni sawa na ubao huo kuangushwa kichwani pako kutoka kileleni mwa mnazi wenye urefu wa meta 7 na nusu.

Mwanafunzi mwangalifu atasema kwamba sehemu ya nishati hupotea katika maji na katika mpira wenyewe. Ni kweli. Lakini hata nusu yake ikipotea, kasi inayobaki ni zaidi ya kilometa 30 kwa saa, kwa sababu kasi hufuata kipeuo cha pili cha nishati, wala haipungui sawasawa nayo. Tukumbuke pia kwamba ubao una kingo ngumu na mapezi madogo chini yake, na kwamba huja kutoka nyuma, wakati mchezaji ameyaelekeza macho yake kwenye tiara.

Funzo la mwaka 1971

Wako watakaouliza: mbona wanaoteleza kwenye mawimbi bila tiara hufunga ubao mguuni, na hakuna anayewakataza? Jibu ni kwamba hali zao hazifanani. Mchezaji wa mawimbi akianguka hubaki karibu mahali alipoangukia. Hakuna tiara inayomvuta upande wa pili. Aidha, ubao wake ukiachwa huru hurushwa na wimbi na unaweza kuwaumiza walio mbele, kwa hiyo kamba huwakinga wenzake pia.

Hata hivyo, mchezo huo nao ulilipa gharama ya kujifunza. Mwaka 1971 Jack O'Neill wa California, mtu mashuhuri katika utengenezaji wa mavazi ya wachezaji wa mawimbi, alipoteza jicho lake la kushoto baada ya ubao kurudishwa usoni pake na kamba ya mpira yenye kunyumbuka sana. Baadaye kamba zikaanza kutengenezwa kwa plastiki ngumu isiyotanuka sana. Ikiwa ajali hiyo ilimpata mtu asiyevutwa na tiara, hatari ni kubwa zaidi kwa yule anayevutwa.

Je, kamba isiyonyumbuka ingefaa? Kamba ya namna hiyo haiweki akiba kubwa ya nishati, lakini humwekea mchezaji ubao karibu naye wakati anapobiringishwa na maji au anapoanguka kutoka hewani, na humpa mshtuko kila inapokazika. Kofia ngumu nayo ni jambo jema, na mchezaji aivae hata asipofunga ubao. Lakini haikingi macho, meno wala shingo, na haigeuzi kamba mbaya kuwa nzuri.

Namna ya kuurudia ubao

Njia iliyo salama imo katika elimu ya mababu zetu wanamaji. Jahazi haliwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Hubisha, yaani hukata mshazari huku na huku, na mkuku wake hulizuia lisisukumwe demani. Mchezaji asiye na ubao hufanya vivyo hivyo kwa mwili wake. Huishusha tiara upande mmoja karibu na maji, hulala kwa ubavu, na hunyoosha mkono mmoja mbele ndani ya maji. Mkono na kiwiliwili huwa ndio mkuku. Akiisha kwenda meta kadhaa, huihamishia tiara upande wa pili na kubisha tena. Wakati huo huo upepo unausukuma ubao polepole kumwelekea, na mwishowe hukutana. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kujiburuta hivi kabla ya kupewa ubao.

Mahali pa kuchezea pana umuhimu pia. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kusi na kaskazi zote huvuma kutoka baharini kwa mshazari, na kitu kielenacho mwishowe husukumwa ufukweni. Pale ambapo upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini, ubao unaweza kupotea kweli, na mchezaji pamoja nao. Dawa ya hilo ni kutoingia majini bila chombo cha uokoaji, na kamba haiwezi kushika nafasi yake. Vilevile mchezaji akae mbali na wakulima wa mwani, ambao wamekuwa wakilima katika maji hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Na ubao ukishindikana kufikiwa, uachwe. Ubao hununuliwa; jicho halinunuliwi.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili kwa gharama ndogo. Kateni ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, muutundike, kisha mwongeze mizigo ya gramu 100 mmoja mmoja. Kila mzigo ni kani ya karibu Nyutoni 1. Pimeni mrefuko kila mara na mchore grafu ya kani dhidi ya mrefuko. Eneo lililo chini ya mstari ndilo nishati iliyohifadhiwa. Mtaona kwamba mstari haukunyooka kabisa, kwa kuwa mpira huifuata kanuni ya Hooke kwa kukadiria tu. Lakini mtaona pia kwamba mrefuko ukizidi mara mbili, eneo hilo huzidi karibu mara nne. Wanafunzi wasiufyatue mpira uliotanuliwa, na nyuso zao zikae mbali nao.