Wafanyakazi wanapojumuika, si burudani tu

KUCHEZA softiboli si jambo la kumpotezea mtu riziki. Hata hivyo, mapema 2013 Gerald Bostock, aliyekuwa amehudumia watoto kwa miaka 10 katika Kaunti ya Clayton, jimbo la Georgia, Marekani, alijiunga na ligi ya wapenzi wa jinsia moja, na miezi michache baadaye akafutwa kazi. Mwajiri alidai mwenendo wake haukumfaa mtumishi wa kaunti. Yeye alishikilia kwamba kosa lake lilikuwa kujulikana.

Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyozaa vikundi vya wafanyakazi hao katika makampuni ya Marekani. Katika kampuni ya simu ya AT&T, kikundi kiitwacho LEAGUE kilianzishwa 1987. Asiyejua atadhani ni chama cha karamu. Kumbe kwa mtu anayeficha aliko nyumbani kwake, hata porojo za Jumatatu kuhusu wikendi ni mtihani. Kwenye chakula cha jioni cha kikundi huja na mwenziwe waziwazi, akajuana na wakubwa asiowafikia ofisini.

Vikundi hivyo pia hushiriki matembezi ya kuchangia waathiriwa wa Ukimwi, nao LEAGUE walianzisha wakfu wa kuwafadhili wanafunzi wanaoingia chuoni.

Mnamo Juni 15, 2020, majaji sita kati ya tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kuwa sheria ya 1964 dhidi ya ubaguzi kazini inawakinga wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Kati ya wafanyakazi watatu waliofutwa waliohusika katika kesi hizo, ni Bostock pekee aliyekuwa hai kuusikia uamuzi.