Istilahi za Tiba ya Mifupa: Kuelekeza na Kuchochea

Wafasiri wametuuliza kama inafaa kusema kwamba dutu iliyotengenezwa kwa mfano wa mfupa "huotesha mfupa". Jibu letu ni kwamba kauli hiyo huchanganya mambo mawili ambayo tabibu hana budi kuyatenganisha.

Takriban theluthi mbili za uzito wa mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayofanana na haidroksiapatiti. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kolajeni na maji. Wataalamu hutengeneza dutu ya namna hiyo yenye vitundu, wakaijazia penye pengo la mfupa. Umbo hilo tunaliita *kiunzi*, neno walijualo waunda majahazi. Vitunduni huingia mishipa ya damu pamoja na *seli shina*, yaani seli ambazo hazijachukua kazi maalumu, na ambazo kwazo huchipuka seli za aina mbalimbali. Hatupendelei "seli mama", kwani jina hilo hufaa seli yoyote inayogawanyika.

Kiunzi kinachotoa njia tu, ili mfupa ulio kando upate kutambaa juu yake, kina sifa ya *uelekezaji mfupa*. Kiunzi kinachozifanya seli shina zigeuke kuwa seli zijengazo mfupa kina sifa ya *uchocheaji mfupa*. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa katika msuli wa mnyama, huzalisha mfupa mpya humo. Aidha, mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba hata ugumu wa mahali seli shina iliposhika huathiri mwelekeo wake: penye ulaini kama wa ubongo ilielekea kuwa kama seli ya neva, na penye ugumu zaidi kama seli ya mfupa.

Tumeepuka neno "uchochezi" kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika siasa na mahakamani.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Ofisa mnunuzi akisoma kwamba kila kiunzi "huotesha mfupa", aweza kuagiza cha kuelekeza tu kwa ajili ya pengo kubwa lisilo na seli hai za kutosha. Nacho kitakaa humo bila kuziba pengo, na mgonjwa atarudi kupasuliwa.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kisha watuletee maoni.