Tangazo Limekupitia Wapi? Jinsi Habari Zinavyotembea Mlimani

Ukikaa Mlimani miaka mitatu utagundua kwamba wanafunzi hatutofautiani kwa GPA peke yake. Tunatofautiana pia kwa habari. Yupo anayejua kwamba leo alasiri kuna mhadhara wa wazi Ukumbi wa Nkrumah, na yupo anayepita nje ya ukumbi huohuo akiwahi daladala, asijue ndani kuna nini. Yupo anayesaini bumu siku ya kwanza, na yupo anayekuja wiki ya pili akiuliza, "Kwani walitangaza lini?" Wote wawili wana simu, na wote wanapita mbele ya ubao uleule kila siku.

Nimekuwa CR wa darasa langu kwa mwaka wa pili sasa, na kazi hii ukiitazama vizuri ni ya kubeba habari: kuitoa kwa mwalimu, kuifikisha kwa wenzangu, kisha kujibu swali lilelile mara arobaini. Nimejifunza jinsi tangazo linavyozaliwa, linavyosafiri na linavyofia njiani. Nataka nikueleze, hasa wewe wa mwaka wa kwanza, kwa sababu chuoni watu hawaumizwi na ugumu wa masomo tu. Wengine wanadisko kwa tarehe.

Njia tatu za habari

Njia ya kwanza ni almanaka. Hii ndiyo kalenda rasmi ya chuo kwa mwaka mzima wa masomo. Humo mna mwanzo na mwisho wa kila muhula, usajili, mitihani ya UE, likizo, mahafali na vikao vikubwa. Tatizo lake ni kwamba ni jedwali refu lenye maandishi madogo, kwa hiyo wengi wanaipakua, wanaihifadhi na hawaifungui tena. Huhitaji kuikariri yote. Toa humo tarehe tano tu uziingize kwenye simu yako na kengele juu: mwisho wa usajili, mwisho wa kubadili kozi, siku UE inapoanza, siku inapoisha, na kipindi cha sapu. Hizo tano ndizo zinazoliza watu.

Njia ya pili ni ubao. Upo Utawala, upo kwenye ndaki na idara, upo mabwenini na kafeteria. Karatasi ya ubaoni ina uzito wake: ina nembo, kumbukumbu namba, tarehe, saini na mhuri. Likitokea bishano, unaweza kwenda kuionyesha kidole. Udhaifu wake ni kwamba haitembei. Anayelala Mabibo, au mwenye geto Sinza, Msewe au Changanyikeni, anaingia kipindi saa 2:00 asubuhi na kutoka moja kwa moja hadi kituoni. Ubao wa bwenini hauoni kabisa. Matangazo mengi yanamfaa zaidi anayelala kampasi, na hilo hatulisemi vya kutosha.

Njia ya tatu ni simu, yaani makundi ya WhatsApp ya darasa, ya kozi, ya bweni, ya mkoa na ya dini. Hii inamfikia kila mtu, popote alipo, ndani ya dakika tano. Lakini haina mhuri. Ujumbe wa mwalimu na ujumbe wa mtu aliyeamka akajisikia kutania vinafika kwa sura moja.

Wakati mmoja, usiku wa kuamkia jaribio, ujumbe ulizunguka kwenye makundi yetu ukisema jaribio la kesho limesogezwa wiki ijayo, "mjulishe na mwenzako." Haukuwa na jina la mwalimu wala la idara. Nilimpigia mwalimu jioni ileile, akaniambia jaribio lipo palepale, nami nikaandika hivyo kwenye kundi la darasa. Lakini ujumbe wa kwanza ulishatangulia. Ulikuwa umefika kwenye makundi nisiyomo, na watu walishafunga madesa na kulala. Asubuhi wenzetu kumi na mmoja hawakutokea. Wengine waliibeba kozi ile hadi sapu. Aliyeuanzisha ujumbe hakujulikana mpaka leo.

Kilichonifundisha ni sababu ya ule uzushi kukimbia vile. Ulikuwa habari njema. Kila aliyeupokea alitamani uwe kweli, basi akaupeleka mbele bila kuuliza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwenye jaribio la kesho asubuhi, halikuja.

Mlimani tumetoka mbali na maandishi

Chuo hiki kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilihamia huku kilimani mwaka 1964. Hakukuwa na simu za mkononi, lakini wanafunzi hawakukosa njia ya kusemezana.

Mwaka 1969 wanafunzi wa chama cha USARF walianzisha jarida lao, Cheche. Walilichapa kwa stenseli, mikono ikichafuka wino. Humo aliandika Walter Rodney, aliyekuwa mwalimu wa historia hapa, na humo mwaka 1970 lilitoka toleo maalumu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yasiyo na sauti nchini. Mwaka huohuo Cheche lilipigwa marufuku pamoja na USARF yenyewe. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini jambo moja halina ubishi: waliweka majina yao chini ya walichoandika. Aliyetaka kuwajibu alijua pa kuwapata.

Mlimani hiihii ilimlea pia Mzee Punch. Kwa wasiomjua, Punch hakuwa mtu mmoja. Yalikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku bila jina, ikiwacheka na kuwadhalilisha wanafunzi. Wanafunzi wa kike ndio waliolengwa zaidi, hasa waliokataa kutongozwa. Kilichoandikwa usiku kilisomwa asubuhi na umati, watu wakicheka. Wapo waliokitetea kwa kusema ni utani na desturi ya chuo. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa kwa namna hiyo. Ndipo wanafunzi wa kike na wanaharakati wakapaza sauti, na Punch akapigwa marufuku.

Cheche na Punch walitumia kampasi moja na wasomaji walewale. Mmoja alikuwa na jina, mwingine alijificha. Mmoja alishambulia hoja, mwingine alimshambulia binti aliyekuwa akienda kula kafeteria.

Nayasema haya kwa sababu Punch hakufa, alihama ukuta. Leo yuko kwenye kurasa za siri zinazopokea "umbea wa kampasi", na kwenye skrinishoti zinazofowadiwa usiku na emoji za kucheka. Tofauti ni kwamba sasa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo imefanya taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni kuwa makosa ya jinai. Ukionewa, usifute ushahidi kwa hasira. Hifadhi skrinishoti yenye tarehe na namba, kisha nenda na mtu unayemwamini Dawati la Jinsia au kwa Mshauri wa Wanafunzi. Na kama wewe ndiye umepokea, uishie kwako. Ukuta wa Punch ulihitaji watazamaji, na wa sasa unahitaji wanaofowadi.

Maswali manne kabla hujafowadi

Darasani kwetu baada ya lile jaribio tulikubaliana maswali manne, na yanatusaidia.

Kwanza, nani amesema? Jina na cheo. "Nimeambiwa" si jina.

Pili, lini? Matangazo ya mwaka jana yana tabia ya kufufuka. Tazama tarehe ya barua yenyewe, achana na tarehe ya ujumbe.

Tatu, limeandikwa wapi pengine? Kama ni jambo kubwa la chuo, lazima liwe ubaoni, kwenye tovuti ya chuo au kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Kama liko kwenye kundi moja tu la WhatsApp, subiri.

Nne, linaniomba nini? Likiomba pesa kwenye namba ya mtu binafsi "ili chumba cha hosteli kisikupite", au likiomba nywila yako, hapo pana mtego. Malipo ya chuo cha umma yanapita kwenye kontroo namba. Hakuna ofisa anayetunza chumba chako kwa kutumiwa elfu ishirini kwenye simu yake.

Mambo ya kuyawekea alama

Sasa tuje kwenye upande mtamu. Watu wengi wanamaliza hapa wakijua madarasa ya Yombo na kafeteria tu, ilhali mambo mengi ni bure na yako mlangoni.

Oktoba ina siku mbili zetu. Tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999 na ambaye alikuwa Mkuu wa kwanza wa chuo hiki kilipojitegemea mwaka 1970. Tarehe 25 ni kuzaliwa kwa chuo.

Aprili ni ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Kigoda kilianzishwa mwaka 2008, na tamasha lake la kwanza la kitaaluma, mwaka 2009, lilimleta Wole Soyinka kuzungumza hapahapa. Mwezi huo umechaguliwa kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Kikitangazwa, wahi. Kwenye mihadhara kama hii mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kushika maikrofoni na kumuuliza profesa swali mbele ya ukumbi mzima. Fursa hiyo huipati kwenye kipindi cha watu mia tano.

Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Chuo chetu kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, mrithi wa TUKI iliyotupa kamusi tunazozitegemea, kwa hiyo fuatilia matangazo yake. Usisahau pia Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ambapo wanafunzi wanaonyesha kazi zao kwa watu wa nje. Kuna waliopata pa kuanzia maisha kwa kusimama tu kando ya meza yao na kueleza walichotengeneza.

Halafu kuna maonyesho ya jukwaani ya wanafunzi wa sanaa. Kumbuka kwamba Ebrahim Hussein, aliyetuachia *Kinjeketile* mwaka 1969, alisoma hapahapa. Anayeigiza leo mbele ya viti vitupu huenda ni wa kizazi kijacho cha hao.

Mwisho, uchaguzi wa DARUSO na vikao vya wawakilishi wetu. Huko ndiko yanakozungumzwa mambo ya bumu, hosteli na bei ya msosi. Anayelalamika kafeteria kila siku na hajawahi kusikiliza sera za mgombea hata mmoja amejinyima nusu ya haki yake.

Na wewe unayetangaza

Lawama si zote za wasomaji. Matangazo yetu wenyewe, ya vilabu na vyama, mara nyingi yana picha kubwa ya mgeni rasmi na herufi ndogo za mahali. Tangazo zuri linajibu: nini, siku gani na tarehe gani, saa ngapi, wapi hasa, kiingilio kipo au hakipo, na nani aulizwe.

Kwenye saa kuwa makini sana. Ukiandika "saa 3" kwenye bango la Kiingereza na Kiswahili, nusu ya watu watafika asubuhi na nusu alasiri. Andika "saa 9:00 alasiri", umalize. Kibali cha ukumbi kiombe mapema, kabla hujatengeneza bango, maana hakuna kinachoua jina la klabu kama kuwakusanya watu mlangoni pa ukumbi uliofungwa. Tangaza mara tatu: wiki moja kabla, siku moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe.

Na jambo moja tunalolisahau: tuna wenzetu wasioona. Simu zao zinawasomea maandishi, lakini bango lililotumwa kama picha halisomeki kwao. Chini ya kila bango andika maneno yaleyale kama ujumbe wa kawaida. Ni dakika moja, na ndiyo tofauti ya kumwalika mtu au kumfungia nje.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Fungua almanaka, utoe zile tarehe tano. Halafu, ukishatoka kipindi, usikimbilie kituoni moja kwa moja. Simama mbele ya ubao wa ndaki yako dakika tatu, na kama kuna mtu wa darasa lako anayekaa mbali, mpigie picha karatasi inayomhusu. Piga nzima, na mhuri uonekane.