Mbung'o na Damu ya Farasi

Tangu zamani, watu wa bonde la Kilombero walichukua mizigo yao vichwani, au waliipakia mitumbwini, maana Wandamba ni hodari wa kupiga kafi. Farasi hakuonekana huko. Aliyemzuia ni mdudu mdogo, jina lake mbung'o.

Mbung'o humpita kidogo inzi wa nyumbani kwa ukubwa, na akitua hulaza mbawa zake mgongoni, moja juu ya mwenziwe, kama mkasi uliofungwa. Dume na jike wote hunyonya damu. Nyati na wanyama wengine wa porini huwa na vijidudu katika damu yao, wala hawaonekani kuugua. Mbung'o akiwanyonya huvipata; na siku nyingine akimwuma farasi, humwambukiza.

Vijidudu hivyo huogelea katika damu ya farasi na kuzidi wingi. Mwili hupigana navyo, lakini hubadili vazi lao la nje mara kwa mara, hata mwili usivitambue. Homa hupanda na kushuka. Chembe nyekundu za damu, zichukuazo hewa mwilini, huharibika. Ufizi hupauka, miguu na tumbo huvimba, na farasi hukonda ingawa anakula. Asipotibiwa hufa. Ugonjwa huu huitwa nagana, nalo ni neno la Kizulu. Maana katika nchi ya Wazulu, mwaka 1895, daktari David Bruce alivitambua vijidudu hivyo kwa darubini, akaonyesha kwamba mbung'o ndiye avienezaye.

Hata hivyo, katika vita ya 1914–1918 majeshi yalileta farasi wengi. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Jenerali van Deventer walikwenda Kondoa Irangi, na farasi wao wakafa kwa mamia, kwa mbung'o na kwa maradhi mengine. Wanyama walipokwisha, mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, na maelfu yao hawakurudi kwao.

Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alifika Ifakara, na mwaka 1957 maabara ikafunguliwa huko kwa kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Siku hizi kuna dawa za nagana, na mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, rangi zimvutazo mbung'o. Lakini zamani mdudu huyo ndiye aliyeamua ni nani atakayechukua mzigo: mnyama au mtu.