‘Marekebisho ya hitilafu’: Kauli inayomficha mtumiaji wa simu jambo analostahili kujua

HEBU fungua duka la programu katika simu yako, msomaji mpendwa, kisha usome maelezo yanayoambatana na toleo jipya la programu yoyote unayoitumia. Ikiwa simu umeiweka katika Kiswahili, hutakosa kukutana na kauli ambayo sasa imekuwa kama kiitikio: ‘Marekebisho ya hitilafu na maboresho ya utendaji.’ Nimeikuta katika programu za benki, za ramani, za muziki, hata katika ile ya kuhesabu hatua za mwenye kutembea. Kila moja inarekebisha hitilafu, kila moja inaboresha utendaji, na ni nadra kupata inayotaja hitilafu yenyewe ilikuwa ipi.

Wapo wanaoiona kauli kama hii wakakimbilia kulaumu msamiati. Eti Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kuzungumzia teknolojia! Sikubaliani nao hata kidogo. Katika uwanja huu wa simu, maneno tunayo, na mengine yameundwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano.

Chukua ‘sasisha’. Kitenzi hiki kimetokana na kielezi ‘sasa’, kikaongezwa kiambishi cha usababishi. Kusasisha kitu, basi, ni kukifanya kiwe cha sasa. Waliokiunda hawakubuni kanuni mpya. Ndiyo ile ile iliyotupa ‘sahihisha’ kutoka ‘sahihi’, ‘imarisha’ kutoka ‘imara’ na ‘rahisisha’ kutoka ‘rahisi’. Nomino yake, ‘sasisho’, imeingia katika ngeli ya LI-YA bila kupiga hodi: sasisho hili limechelewa, masasisho haya yamechelewa. Wanaosema ‘sasisho hii’ nadhani wanavutwa na ‘apdeti hii’ ya mtaani, ambayo ni ya ngeli ya I-ZI.

Au chukua ‘pakua’. Kwa mpishi, kupakua ni kukitoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Kwa mchukuzi wa bandarini, ni kuteremsha shehena kutoka chomboni. Kinyume chake ni ‘pakia’. Aliyeliteua neno hili kwa kazi ya kuteremsha faili kutoka mtandaoni hadi kwenye simu alikuwa na sikio zuri, maana msemaji hahitaji kufunzwa: faili iko huko, unaipakua, unayo mkononi. ‘Sakinisha’ nayo ina undugu wa mzizi na ‘maskani’. Programu inapewa pa kukaa.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili. Simu za kugusa kioo hazikuwa zimetapakaa kwetu wakati huo. Maadamu watangulizi hao walikwisha kukabiliana na maneno kama faili, menyu na hifadhi, waliokuja baadaye hawakuanzia patupu. Bado yapo mambo ambayo hatujaafikiana. Mathalani, tuseme ‘programu tumizi’ au ‘programu tumishi’? ‘Tumizi’ ni jamaa ya ‘matumizi’, ‘tumishi’ ni jamaa ya ‘mtumishi’. Mimi huvutiwa na hilo la pili, kwa kuwa linaikumbusha programu nani ni bwana na nani ni mtumwa, ila sitagombana na mtu. Wengi mtaani husema ‘apu’ na mambo yakaenda.

Kasoro, basi, haiko katika neno mojamoja. Iko katika sentensi.

Kitenzi cha Kiswahili ni mzigo uliofungwa vizuri. Ukisema ‘tumeuziba’, umetaja mtenda (tu-), umesema kazi imekamilika (-me-), na umeonyesha kilichotendwa (-u-), yaani mwanya uliokwisha kutajwa. Msikilizaji asipoujua mwanya wenyewe, papo hapo atauliza: ‘Mmeuziba upi?’ Lakini ukikigeuza kitenzi kuwa nomino, ukasema ‘marekebisho’, viambishi hivyo vyote vinapukutika. Nani amerekebisha? Lini? Nini? Nomino haidaiwi majibu hayo. Lugha ambayo kwa kawaida humbana msemaji aseme nani alifanya nini imepatiwa mlango wa nyuma wa kutokea.

Neno ‘hitilafu’ nalo linasaidia katika uficho huo. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni tofauti. Ndiyo sababu tunasema wanazuoni ‘wamehitilafiana’. Baadaye likabeba pia maana ya kasoro au dosari. Ni neno pana mno. Herufi iliyokosewa katika menyu ni hitilafu. Kitufe kisichobonyezeka ni hitilafu. Tundu linalomwezesha mdukuzi kuingia katika simu yako na kusoma jumbe zako ni hitilafu vilevile. (Wapo waliojaribu kuitafsiri dhana hii kwa ‘mdudu’, kwa kufuata lugha iliyotuletea kompyuta. Huko kuna hata daftari la kazi la mwaka 1947, kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, ambamo watunzaji wa mashine ya Mark II walimbandika nondo waliyemtoa ndani ya mitambo. Kwetu sisi mdudu ni wa kidole, humtesa mtu usiku kucha kwa maumivu. Sioni akihamia kwenye simu.)

Haya si mabishano ya wanasarufi wasio na kazi. Mnamo Mei 2019 ilibainika kuwa programu ya WhatsApp ilikuwa na mwanya katika sehemu yake ya kupiga simu. Mshambulizi aliweza kukupigia, na hata usipopokea, programu ya ujasusi ikajipenyeza katika simu yako. Programu hiyo iliunganishwa na kampuni ya NSO Group ya Israeli. WhatsApp yenyewe ilisema baadaye kuwa simu zipatazo 1,400 zililengwa, zikiwemo za wanahabari na watetezi wa haki za binadamu, na mwezi wa Oktoba mwaka huo ikaishtaki NSO Group mahakamani Marekani. Watumiaji wote, ambao wakati huo walikuwa takriban bilioni 1.5, walihimizwa wasasishe programu.

Je, maelezo ya sasisho lenyewe yalisemaje? Wenye simu za iPhone waliofungua duka la programu kusoma kilichokuwa kipya katika toleo la 2.19.51 waliambiwa kwamba sasa wangeweza kuona vibandiko katika ukubwa wake kamili kwa kubonyeza arifa kwa muda mrefu. Vibandiko! Mwanya mkubwa kiasi hicho umezibwa, na mwenye simu anasimuliwa habari za vibandiko. Aliyeyasoma maelezo hayo akaamua kungoja hadi mwisho wa mwezi hakuwa mjinga. Alitegemea alichoambiwa.

Jirani yangu mmoja, mama auzaye mboga, aliwahi kunionyesha simu yake akiwa ameudhika. “Mwalimu, hii simu kila siku inaniambia nisasishe. Nisasishe nini, na bando yangu ni ya shilingi ishirini?” Kwa miezi kadhaa alikuwa akibonyeza ‘Baadaye’. Nilimweleza kwamba ndani ya programu kuna mahali palipokuwa wazi, mwizi angeweza kupitia hapo, na wenye programu wameshona kiraka. Akanitazama. “Sasa si waseme hivyo?”

Mama huyo pesa zake zimo katika simu hiyo hiyo. Shilingi ishirini kwake ni hesabu, na ana haki ya kupiga hesabu hiyo akijua upande wa pili wa mizani una nini. Kauli ya ‘marekebisho ya hitilafu’ inamnyima haki hiyo, kisha akiibiwa ataambiwa ni yeye aliyepuuza masasisho.

Ipo hoja upande wa pili, nami siipuuzi. Wahandisi husema kwamba kueleza mwanya kinaganaga kabla ya watu wengi kusasisha ni kumpa mwizi ramani. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kati ya kuchora ramani na kunyamaza kabisa pana uwanja mpana. Mnamo Agosti 2015 Google ilianza kutoa masasisho ya usalama ya Android kila mwezi, na huyataja waziwazi kuwa ni ya usalama. Mtu haambiwi tundu liko wapi, lakini anajua kwamba jambo lenyewe si vibandiko.

Wala nisiwabebeshe wafasiri lawama zote. Mfasiri wa programu aghalabu hapewi makala, hupewa vipande. Anaona ‘imesasishwa’ katika mstari mmoja, na mbele yake alama inayoshikilia nafasi ya jina ambalo halijui. Je, jina hilo litakuwa la programu, la faili, au la mtu? Katika lugha isiyo na ngeli swali hilo halina uzito. Kwetu linaamua kama aandike ‘imesasishwa’, ‘limesasishwa’ au ‘amesasishwa’. Ndiyo maana utaona sentensi za simu zikikimbilia nomino na vitenzi-jina: ‘Kurekebisha’, ‘Kuboresha’, ‘Kusasisha’. Ni salama kisarufi. Haviwezi kukosea upatanisho kwa kuwa havina cha kupatanisha. Na pale ambapo waandishi wa programu wenyewe hawakusema lolote, mfasiri atalitoa wapi la kusema?

Hata hivyo, pale anapokuwa na nafasi, napendekeza mambo machache. Neno ‘hitilafu’ libaki kwa dosari za kawaida: programu inayojizima, picha isiyofunguka, sauti inayokwama. Kwa udhaifu unaomfungulia mdukuzi njia, tuseme ‘mwanya wa usalama’, mianya kwa wingi. Mianya na nyufa Mswahili anazijua, huzibwa. Kwa kipande kinachotolewa kuziba mwanya huo, ‘kiraka’ kinatosha, na kila aliyewahi kushonewa suruali ya shule anakielewa. ‘Kipengele kipya’ kitumiwe kwa jambo ambalo mtumiaji hakuweza kulifanya jana na leo analiweza, si kwa rangi ya kitufe iliyobadilishwa.

Juu ya yote, kitenzi kirudishiwe viambishi vyake. Badala ya ‘Marekebisho ya hitilafu na maboresho ya utendaji’, maelezo yaweza kusomeka hivi: ‘Tumeziba mwanya wa usalama uliokuwa ukimwezesha mtu mwingine kuingia katika akaunti yako. Tafadhali sasisha leo. Sasisho hili litatumia data kidogo. Ukiwa na Wi-Fi, litumie.’ Na kama ni vibandiko tu, wasema vibandiko: ‘Tumeongeza vibandiko. Huna haraka.’