Rezo inakatika? Piga ping mbele ya kununua mega

Ndugu zangu, rezo ikikatika usiku wa kutuma dosye ya buruse, wengi wetu tunakimbilia kununua mega. Feza inaisha, shida inabakia. Angalia kwanza ni wapi njia inakatikia.

Kwenye Windows fungua cmd, andika ping na adresi ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 ao 192.168.0.1. Ruta ikinyamaza, shida iko hapo nyumbani: wifi ao waya. (Ruta zingine zimekatazwa kujibu, basi endelea tu.) Ikijibu, piga ping 8.8.8.8, mashine ya Google. Kukiwa kimya, shida iko nje ya ruta. Hapo ndipo uangalie kama forfe imeisha kweli.

Sasa 8.8.8.8 inajibu, lakini google.com hapana? Mega zako ni nzima. Kinacholala ni DNS, ile inayogeuza majina ya saiti kuwa namba. Weka 8.8.8.8 kwenye nafasi ya DNS ya ordinatere, kwani nayo inafanya kazi hiyo, kisha tuma dosye.

Wenye VSAT, musiogope milisekunde 600: satelite yenu iko kilometa karibu 36 000 juu, haiko panne.